Glasi Isiyoonjwa

Mama yangu alikuwa mtu wa vitu vya moto. Soda alikunywa ya moto, maji aliyapasha, na hata maziwa ya mgando aliyasogeza karibu na jiko kwanza yapoteze ule ubaridi wa asubuhi. Ukimpa kitu kilichotoka kwenye friji alikishika kwa ncha za vidole na kukuuliza kama unamtakia nimonia. Iringa ina baridi ya kutosha, alisema, sasa hiyo nyingine ya kununua ni ya nini. Nilipompelekea friji miaka michache iliyopita alinishukuru sana, akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, juu yake akaweka redio na picha ya marehemu baba. Ndani alitunza unga, panya wasiufikie.

Na alikuwa na sheria moja kuhusu vinywaji: anayekuletea kinywaji huonja kwanza yeye. Kwetu Uheheni hilo si jambo la ajabu. Wazee wakikaa kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, aliyeleta chombo hupiga funda la kwanza mbele ya macho ya wote, ndipo anapokabidhi. Maana yake ni kwamba humu hamna sumu, na kwangu hamna kinyongo. Mama aliacha ulanzi siku alipopata kipaimara, bado msichana, na atakwambia wazi kwamba uchawi hauamini. Lakini kuonja hakukuacha. Alikuhamishia kwenye chai, kwenye uji, kwenye togwa, mpaka kwenye soda za msibani. Mgeni akija, mama anamimina, anaonja kidogo, anafuta ukingo wa kikombe kwa kidole gumba, anampa kwa mikono miwili. Yeye naye akiletewa kinywaji anasubiri. Hasemi neno. Anakitazama tu kikombe mpaka mletaji aikumbuke adabu.

Isipokuwa mtoto wake. "Niliyemzaa haonji," ndivyo alivyosema, na kwake hapakuwa na mjadala. Tuko wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, na huyo wa kiume hajawahi kumletea mama hata maji ya kunawa. Kwa hiyo haki hiyo ilikuwa yangu peke yangu tangu nikiwa na nguvu za kubeba kikombe bila kumwaga.

Mdogo wangu alipooa alituletea binti wa Kisukuma kutoka bonde la Usangu, karibu na Madibira. Wazazi wake walihamia huko zamani na ng'ombe wao kutoka kaskazini, baadaye wakajifunza mpunga wakatulia. Mama alimpokea vizuri, na wiki ileile akamfundisha kuonja. Wifi hakununa. Kwa miaka yote akawa anaonja: goti chini, funda dogo, kidole gumba kwenye ukingo, mikono miwili. Mdogo wangu alimwacha pale nyumbani, mtaa wa Mlandege, akae na mama, yeye akaenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, anarudi nyumbani mara chache akiwa na vumbi mpaka kwenye kope na hadithi za mwamba wa dhahabu ulio karibu kufikiwa.

Mimi naishi Mbeya na mume wangu, nashona nguo pale Mwanjelwa. Kila nilipokwenda kumsalimia mama nilipenda niwepo sebuleni wakati wa chai. Wifi akishaonja na kukabidhi, nilikuwa nainuka, naingia jikoni, namletea mama maji, nampa hivihivi. Anapokea, anakunywa. Sikuhitaji kusema kitu. Wengine wana mashamba ya miti Mafinga, wengine wana nyumba za kupangisha. Mimi nilikuwa na hilo, na nililiona kubwa.

Mwaka jana mwezi wa kumi joto lilitushika wote. Watu wa pwani hucheka tukisema Iringa kuna joto, lakini waje Mlandege kabla mvua hazijafungua, jua limekausha mpaka matope ya pale bombani. Ndipo meno ya mama yalipoamua kumaliza kazi. Ya chini yalikuwa yamebaki machache, yote yanacheza, na moja likatunga usaha. Hospitali wakayang'oa yote ya chini. Wakasema vidonda vikauke kwanza ndipo atengenezewe ya bandia, na mpaka hapo ale vilaini, vya baridi, asiguse cha moto.

Kumwambia mama yangu asiguse cha moto ni kumwambia asile. Na kweli hakula. Mimi nilikuwa na gauni za mahafali za shule nzima mezani, na mahafali hayangoji mgonjwa wa mtu, kwa hiyo nilikuwa nauguza kwa simu. Nilimwelekeza wifi: mpe uji uliopoa, msagie ndizi, mpondee parachichi. Jioni nilipiga kuuliza, na jibu lilikuwa moja.

"Amekataa, wifi. Anasema mdomo unamuuma."

Nilisikitika, lakini nitasema na lile lingine lililokuwa chini ya masikitiko. Nilijua moyoni kwamba anachokataa ni mkono wa yule binti. Nikifika mimi atakunywa. Nilikuwa nashona haraka, nikiwa na uhakika huo, na uhakika huo ulikuwa mtamu.

Asubuhi moja simu ikapokelewa na mama mwenyewe. Sauti ilikuwa ya kibogoyo lakini yenye afya.

"Wifi yako amenitengenezea barafu," akasema.

"Barafu gani, mama?"

"Ya embe. Baridi mpaka masikio yanalia. Jana nimekunywa glasi mbili, leo nasubiri nyingine."

"Wewe si hunywi vitu vya baridi?"

"Sasa nakunywa."

Mchana wifi akanitumia picha. Mama amekaa kibarazani kwenye kigoda, glasi mkononi, mdomo wa juu una mstari wa njano kama mtoto wa chekechea. Niliikuza ile picha kwa vidole. Nyuma yake, ndani ya mlango, friji ilionekana. Kitambaa kimeondolewa. Redio imeondolewa. Picha ya baba imetundikwa ukutani. Friji ilikuwa inafanya kazi ya friji, na mkono ulioifungua haukuwa wangu.

Nilimwonyesha mume wangu. Nikamwambia hiyo friji nimeipeleka mimi, na miaka yote nilipomwomba aitumie alinijibu nimonia. Mume wangu ni Mnyakyusa, mtu wa maneno machache yenye chumvi. Akaitazama picha, akaniangalia.

"Sasa unaionea wivu friji?" akauliza.

Nikaizima simu. Niliona wivu, ndiyo, na sitaki kuzunguka. Si wivu wa kusema natamani na mimi ningekuwa vile. Ulikuwa ule wivu wa kutaka mwenzako akosee. Usiku huohuo niliwaza kama embe hizo hazina nyuzi nyingi, kama nyuzi haziwezi kukwama kwenye vidonda vya mama, halafu wazo hilo likanifurahisha, halafu nikageukia ukutani.

Kesho yake nikaanza mazoezi. Nilinunua embe zilizopanda kutoka Kyela na pasheni za Tukuyu, zile nyeusi zilizokunjamana ambazo ukizipasua harufu inajaa chumba. Blenda nilikuwa nayo. Nikagandisha maji kwenye vile vibati vya friji, nikamenya embe, nikakamua pasheni, sukari, barafu, nikasaga mpaka majirani wakachungulia. Watoto wangu walikunywa wakiwa wamevaa sweta, maana Mbeya hata mwezi wa kumi jioni haina mchezo, wakatetemeka na kuomba tena. Siku ya pili nikapunguza sukari. Siku ya tatu nikaongeza pasheni. Jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta alisema hiyo ningeuza stendi, watu wangeacha safari. Nikasema haiuzwi.

Nilipomaliza gauni ya mwisho nilifunga safari. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilijaza ndoo mbili za matunda, nikaifunga blenda ndani ya kitenge na kuipakata safari nzima. Makambako, basi liliposimama, mwanamke niliyekaa naye aliniuliza kama nimebeba mtoto mchanga. Nikamwambia ni dawa ya mama.

Nilifika Mlandege saa za alasiri. Mama alikuwa palepale kibarazani kama kwenye ile picha. Amekonda mashavu, midomo imeingia ndani, lakini macho yanacheka. Nikamsalimia kwa kilugha, kamwene, akaitikia, akanishika uso, akaniambia nimenenepa. Nikakaa chini karibu na miguu yake. Nilikuwa nimefika. Uchovu wote ukanitoka na nikawa na furaha ya kweli, naomba hilo lieleweke, kabla ya lile lililofuata.

Wifi akatoka ndani na sinia. Juu yake kulikuwa na glasi mbili zilizojaa kitu cha njano, zimetoka jasho kwa nje. Akapiga goti kunisalimia, akamgeukia mama, akachukua glasi ya kwanza, akampa.

Hakuonja. Hakuinua hata kidogo kuelekea mdomoni. Alimpa hivihivi, kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine umeshika sinia. Mama naye hakusubiri, hakukitazama kinywaji. Alipokea na kuanza kunywa, macho amefumba.

Nilidhani wifi amesahau. Nikangoja mama amwangalie. Lakini wifi alikuwa ameshaishika glasi ya pili. Hiyo akainyanyua, akapiga funda dogo, akafuta ukingo kwa kidole gumba, akanipa mimi kwa mikono miwili.

"Karibu, wifi," akasema. "Pole na safari."

Niliipokea. Ningefanya nini. Ilikuwa adabu kamili, ileile aliyofundishwa, hapakuwa na mahali pa kumshika kosa. Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza nilichokisugua kwa magunzi tangu utotoni, mbele ya mlango ambao kizingiti chake kilinivunja jino, na nilikuwa nimeonjewa. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe la nyumba ile lilikuwa na alama za viganja vyangu kwenye mpini.

Kinywaji chenyewe nilikimeza bila kukisikia. Mama aliuliza kama si kitamu. Nikasema ni kitamu. Aliposema, "Mwanangu, niongezee kidogo," niliinuka mbio, na wifi naye akainuka, na ni yeye aliyekuwa ameambiwa.

Jioni hiyo nilimfuata wifi jikoni kwa kisingizio cha kusaidia. Ukweli nilikwenda kutafuta kosa. Aliniruhusu nitazame, hana siri. Embe zake zilikuwa za kwao Usangu, alizoletewa na kaka yake pamoja na mchele. Alizimenya, akakata vipande vyembamba kama vya kuanika, akavipanga kwenye sinia bila kugusana, akaviingiza kwenye sehemu ya kugandishia. Vya jana, vilivyokwisha kuwa mawe, alivitoa, akavifunga kwenye kitambaa cheupe kilichochemshwa, akaviweka kwenye kile kinu kidogo cha mama cha karanga. Akatwanga polepole, akifungua, akikunja upya, mpaka ikawa laini kuliko chenga za mchele. Barafu ya maji hakuweka hata punje.

"Maji yakiganda yanakata," akasema. "Tunda likiganda halikati."

Kisha akamimina maziwa ya mgando. Hapo nikapata cha kusema.

"Maziwa kwenye juisi?"

"Kwetu ndiyo tunavyokunywa wifi, wakati wa joto. Embe na maziwa. Ila kule hatuna friji, tunaacha kwenye mtungi." Akakoroga. "Mama sasa hivi hataki ya bila maziwa."

Mama wa watu. Mama aliyenikataza kuchanganya maziwa na tunda lolote nikiwa mdogo, eti tumbo litakatika. Nilisema hapa kuna joto, nikatoka nje. Nikiwa nje nilimsikia wifi akimwambia mama kitu kule sebuleni, na mama akajibu kwa neno la Kisukuma, akacheka kwa fizi zake. Miaka ishirini na zaidi nimeolewa na Mnyakyusa, na mama hajajifunza hata salamu ya wakwe zangu. Nilisimama kwenye ukuta wa choo nikilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na kuku wa mama wakanizunguka wakidhani nimeleta pumba.

Asubuhi nilitangaza kwamba leo wifi apumzike, nitatengeneza mimi. Wifi akafurahi kweli, akachukua nguo za kufua. Hata hilo liliniudhi, jinsi alivyofurahi.

Nilifungua ndoo zangu. Nilichambua embe za Kyela zilizolainika vizuri, nikakamua pasheni nyingi, nikachomeka blenda. Nikatia barafu ya maji niliyogandisha tangu jana, nikasaga. Umeme ukacheza, ukarudi, nikasaga tena. Rangi ilikuwa nzuri kuliko ya wifi, ya dhahabu yenye vidoadoa vyeusi vya pasheni, na povu juu. Nikamimina kwenye glasi ndefu niliyoikuta kabatini, ya wageni. Sikuliona hilo wakati ule.

Nikampelekea kibarazani. Nilikaribia, nikanyoosha mkono, na palepale hofu ikanishika. Kama pasheni imezidi? Kama sukari haijatosha? Mkono ukarudi wenyewe. Nikapiga funda dogo nihakikishe, nikalamba mdomo, nikampa.

Mama hakupokea mara moja. Aliniangalia.

"Unaonja?" akauliza.

"Nilikuwa naangalia sukari, mama."

"Aa," akasema, akapokea.

Alikunywa funda kubwa, la mtu anayetaka kumfurahisha mtu. Nikaona uso wake unabadilika. Macho yakajaa maji, mkono ukaenda shavuni. Vipande vya barafu ambavyo blenda ilivikosa umeme ulipocheza vilikuwa vimekwenda moja kwa moja kwenye vidonda, na uchachu wa pasheni ukafuata nyuma. Alimeza. Hakutema, na afadhali angetema.

"Tamu, mwanangu," akasema, na tone jekundu likamtoka pembeni ya mdomo.

Nilimwita wifi, sijui kwa sauti gani, maana alikuja na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Hakuuliza ni nini. Alinawa, akaleta kikombe cha maji ya chumvi ya uvuguvugu na bakuli, akachuchumaa mbele ya mama. Mama akasukutua, akatema. Kisha, bila kuambiwa, akafungua mdomo wote na kuinua kidevu. Wifi akazungushia pamba kwenye kidole cha shahada na kukiingiza ndani. Alikipitisha polepole kwenye fizi, upande huu, upande ule, akitoa vipande na mbegu za pasheni moja moja, akizifuta kwenye ukingo wa bakuli. Mama alikuwa ametulia, ameshika bega la wifi, anapumulia puani. Ilionekana wazi kwamba ni jambo walilolizoea.

Mimi nilikuwa nimesimama na glasi ndefu ya wageni. Mdomo wa mama yangu mimi sikuwahi kuuona kwa ndani.

Wifi aliporudi kwenye nguo zake nilikaa chini. Nilitaka kuomba msamaha kuhusu pasheni, lakini kilichotoka ni kile kilichokuwa kinanikaba tangu jana.

"Mama, wifi siku hizi haonji."

"Haonji."

"Tangu lini?"

Mama alipapasa shavu lake. Alikuwa anajua ninachouliza. Yeye ndiye aliyenizaa, na wivu wangu anaujua tangu mdogo wangu alipozaliwa nikamwomba amrudishe hospitali.

"Siku niliyotoka kung'olewa damu ilikataa kukatika," akasema. "Nikawa natapika damu. Yule binti alikaa na mimi kitandani, kidole chake humu ndani, amebana pamba kwenye kidonda mpaka pakakauka. Nilimng'ata, si unajua yale ya juu bado yapo. Hakukitoa. Asubuhi akaniletea maji, akapiga goti, akataka kuonja. Nikamwambia acha." Akatema kwenye bakuli. "Mkono uliolala kinywani mwangu, sasa uonje nini tena?"

Nilisema nilikuwa na kazi za watu. Nilisema nilikuwa napiga simu kila siku.

"Najua mwanangu," akasema mama. "Simu zako nilizipata zote."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ningependa anitupie hiyo, tugombane, yaishe. Lakini alinipapasa kichwani kama anavyofanya kwa mtu aliyetoka mbali. Kuambiwa haki ya mwenzangu hakukuniondolea wivu. Wivu ulizidi. Kabla ya hapo nilikuwa namwonea wivu kwa kitu alichoniibia, na sasa nilijua hakuiba.

Nilikaa siku chache zaidi. Embe zangu za Kyela wifi alizikata, akazigandisha, akazitwanga. Pasheni tuliwapa watoto wa jirani. Blenda ilibaki mezani imevaa kitenge chake.

Siku ya kuondoka, mama alikuwa amekaa kibarazani, vidonda vimeanza kufunga. Mfuko wangu ulikuwa mlangoni na bodaboda ananisubiri njiani. Wifi akatoka na sinia na glasi mbili, kama siku niliyofika. Akampa mama ya kwanza, hivihivi. Akaichukua ya pili, ya kwangu, akapiga goti, akaanza kuinyanyua kuelekea mdomoni.

Nilimshika mkono. Niliichukua ile glasi kabla haijamfika mdomoni, nikaipeleka kwangu, nikanywa. Nilikunywa yote bila kupumua, embe na maziwa, baridi mpaka masikio yakalia, na ilikuwa tamu kuliko yangu kwa mbali.

Nilipoishusha, mama alikuwa ameacha kunywa, anatutazama. Wifi bado alikuwa amepiga goti, mikono imebaki hewani pale ilipokuwa glasi, na machozi yanamtiririka. Akanikumbatia miguu. Alidhani nimempa kitu. Nilimwinua, nikamfuta uso kwa kanga yangu, na sikumwambia kwamba nilikataa tu kuonjewa katika nyumba niliyozaliwa.